Bryceson: Mume wa Jane, Mbunge wa Nani?

Ukitaka kumjua Derek Bryceson leo, lazima upitie kwa mkewe. Jane Goodall anamwandika katika Reason for Hope, kitabu cha 1999, na anamwandika kwa mapenzi: rubani Mwingereza ambaye ndege yake ilidunguliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaambiwa hatatembea tena, naye akatembea na mkongojo wake hadi mwisho. Kuna ndoa yao ya 1975, kisha saratani, kisha kifo Ujerumani, Oktoba 1980. Kurasa za msiba ndizo roho ya kitabu. Mjane anarudi msituni Gombe kutafuta nafuu, na wewe msomaji unarudi naye.

Lakini jamani, mwanasiasa kaenda wapi?

Huyu bwana alikuja Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akalima upande wa Kilimanjaro. Kule Kenya, Lord Delamere, aliyefariki 1931, alikuwa ametumia mashamba na kiti chake barazani kupigania nchi ya walowezi. Bryceson akaenda na TANU. Nyerere akampa uwaziri, mara afya, mara kilimo, na baadaye akaongoza Hifadhi za Taifa.

Halafu 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Dar es Salaam, Bryceson anashindanishwa na Mwafrika, anashinda. Huku kwetu Mwanza, Paul Bomani, mtoto wa Kanda ya Ziwa, mtu wa pamba na ushirika, waziri wa fedha, anaangushwa! Mzungu mwenye shamba anapita, Bomani anabaki nje. Hapo pana kitabu kizima, na Goodall anapita haraka.

Simlaumu. Mjane anaandika mume, haandiki jimbo. Hata ndoa aliyokuwa nayo Derek kabla yake haikuwa kazi yake kuisimulia. Kinachoniudhi ni kwamba sisi tunaojisifu kwa Kiswahili tumewaachia wake, wasomi wa nje na kumbukumbu za Bunge habari za mawaziri wetu wenyewe. Wasifu wa Kiswahili wa Bryceson ungeanzia pale kwenye sanduku la kura, maana mwaka ule wagombea walipewa alama mbili tu, jembe na nyumba. Yeye alipewa ipi? Alisimama jukwaani akasema nini, na kwa Kiswahili cha namna gani, hata watu wa Dar wakamwamini?