Mwana Hiti wa Kibuyu

Wengi wamsifupo mwana hiti wa Wazaramo, humsifu yule wa mti, asiye mikono wala miguu, ambaye makumbusho ya Ulaya yamemhifadhi. Sisi twaona kuwa mwenziwe wa kibuyu amepuuzwa bure. Tunda hilo lililokauka, ambalo tumbo lake lilibeba mbegu, lilikuwa na maana ya uzazi hata kabla ya kuguswa na mkono wa msanii. Mwali aliyewekwa ndani alimlea kama mwanawe, akimwogesha na kumpaka mafuta. Lakini kuwekwa ndani huko kuliwakosesha mabinti wengi masomo. Kwa hiyo, walimu na waufundishe ustadi huu pamoja na maana yake, wavulana kwa wasichana, bila kukirudisha kifungo cha mwali.