Mkono Mfu au Umiliki usio na Mirathi?

Miongoni mwa istilahi za sheria zinazomsumbua mfasiri ni mortmain, neno la Kifaransa cha kale lililoingia katika sheria za Uingereza. Tafsiri yake ya neno kwa neno ni "mkono mfu". Kwa maoni yetu, tafsiri hiyo haifai.

Msomaji wa Kiswahili akiona "mkono mfu" hufikiria mkono uliopooza. Kumbe sheria ya Mfalme Edward I ya mwaka 1279 ililenga mkono usioachia. Kabaila alipata malipo kila mshika ardhi alipofariki na mrithi kushika nafasi yake. Alipokosekana mrithi, ardhi ilimrudia. Nyumba ya watawa haifi wala haiachi mrithi. Ndiyo sababu ikakatazwa kupokea ardhi bila kibali. Makatazo ya namna hiyo yalifutwa Uingereza mwaka 1960.

Yupo atakayesema kwamba tunalo neno "wakfu". Ni neno zuri, lakini hutaja tendo la mtoaji anayetenga mali kwa ajili ya Mungu au wahitaji. Istilahi tunayoitafuta hutaja kinachompata yule aliyetarajia ardhi imrudie.

Suala hili si la Waingereza peke yao. Njombe ni makao ya Jimbo Katoliki tangu mwaka 1968, na pia ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT. Makambako ni njia panda ya barabara ya Songea, tena ina stesheni ya TAZARA. Kanisa au chama humiliki ardhi kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Mdhamini mmoja akifa, mwingine huingia, na hakuna shauri la mirathi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji anayepiga kura humo anastahili kufahamu kwamba kumpa jirani shamba na kuipa taasisi shamba ni mambo mawili.

Tunapendekeza "umiliki usio na mirathi". "Umiliki wa kudumu" ungepotosha: umiliki wa namna hiyo uligeuzwa na sheria ya mwaka 1963 kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na hati ya taasisi nayo yaweza kuwa na ukomo. Istilahi yetu ni ndefu, lakini hakuna neno ndani yake ambalo mzee wa baraza la ardhi atahitaji kufasiriwa.