Bibi wa Bistritz: Ujasiri wa Mhusika Asiye na Jina katika Riwaya ya Dracula

Wahakiki wa riwaya ya Bram Stoker, Dracula (1897), kwa kawaida humwangalia kabaila mnyonya damu na wasomi wanaomwinda. Makala haya yanamwangalia mhusika wa sura ya kwanza ambaye hata jina hakupewa: bibi mzee aliyevaa mavazi ya wakulima, mke wa mwenye nyumba ya wageni mjini Bistritz, Transylvania. Tunadai kwamba ujasiri wake ni mzito kuliko nafasi aliyotengewa na msimulizi.

Jonathan Harker, wakili kijana wa Kiingereza, anapouliza habari za Dracula, bibi na mumewe wanafanya ishara ya msalaba, wanasema hawajui lolote na kukataa kuendelea. Hofu yao ina msingi. Dracula ndiye aliyemwelekeza mgeni afikie pale, na mwenye nyumba amekwisha kupokea barua yake. Usalama wao umo katika kunyamaza. Hata hivyo, kabla ya safari, bibi anapanda hadi chumbani kwa Harker, anampigia magoti akimsihi asiende, na anaposhindwa anavua rozari yenye msalaba shingoni mwake na kumvika.

Siku yenyewe ni tarehe 4 Mei, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu George. Kwa imani ya bibi, usiku huo maovu yote hupata nguvu. Kwa hiyo anatoa kinga yake katika usiku anaoihitaji kuliko mwingine wowote, na anampa mtu asiyemjua.

Inawezekana kudai kwamba bibi huyu ni kielelezo tu cha mkulima mshirikina machoni pa Ulaya ya Magharibi. Dai hilo lina ukweli kuhusu mtazamo wa Harker, anayeona maneno yake kuwa ya kuchekesha na, akiwa Mwanglikana, anaupokea msalaba kwa adabu tu. Msuko, hata hivyo, unampinga Harker. Katika sura ya pili, Dracula anapomrukia kooni, mkono wake unagusa shanga za rozari ile na ghadhabu yake inatoweka papo hapo.

Lugha nayo ina nafasi yake. Kwa fadhaa, Kijerumani cha bibi kinamponyoka na kuchanganyika na lugha ambayo Harker haijui kabisa. Msomi anasikia lugha iliyovurugika, na onyo lenyewe linampita. Katika ukanda wetu pia, mwanakijiji huweza kueleza jambo zito kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha yake ya kwanza. Anayepanga sera ya lugha kwa ajili ya mahakama, zahanati au ofisi ya kijiji hana budi kujiuliza iwapo watumishi wake wamefunzwa kusikiliza maana kabla ya kupima ufasaha. Harker aliokolewa na msalaba kwa sababu bibi hakungoja kueleweka.