Kauri Iliyooteshwa Kwenye Metali

Kichwa cha nyonga bandia kinaposugua kikombe cha poliethilini, madhara hayaishii kwenye plastiki kulika. Chembechembe zinazomomonyoka humezwa na seli za kinga, nazo seli hizo huchochea uvimbe unaokula mfupa ulioshikilia kiungo, hadi kiungo kinalegea na mgonjwa anarudi kwenye meza ya upasuaji. Tatizo hili limewaandama mabingwa wa mifupa tangu John Charnley alipoanza kutumia plastiki hiyo huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Kauri ngumu na laini kwa mguso huipunguza misuguano, lakini kauri tupu inaweza kupasuka. Ndipo likaja wazo la kuvalisha metali utando wa kauri, na hoja yangu ni kwamba kilichoamua mafanikio ya wazo hilo ni namna utando unavyoshikana na metali, kuliko ugumu wake.

Ushahidi wa kwanza ni kushindwa. Miaka ya 1990 wagonjwa kadhaa barani Ulaya waliwekewa vichwa vya aloi ya titani vilivyopakwa kaboni ya mfano wa almasi. Ugumu haukuwa na kasoro. Ila utando ulikuwa umekaa juu ya metali kama rangi juu ya ukuta wenye vumbi: ulibanduka madoa kwa madoa, na kingo za madoa hayo zikaikwangua plastiki iliyokusudiwa kulindwa.

Njia ya Oxinium, ya kampuni ya Smith & Nephew, haipaki kitu. Kiungo huchongwa kwa aloi ya zirkoniamu yenye niobi asilimia 2.5, kisha hupashwa moto hewani kwa takriban nyuzi 500 za Selsiasi. Oksijeni hupenya, na uso wenyewe wa metali hugeuka kuwa zirkonia, tabaka la kama mikroni 5. Chini yake hakuna mpaka mkali, bali eneo la metali iliyoshiba oksijeni inayopungua kadiri unavyozama. Hapa msomaji makini atakumbuka vichwa vya zirkonia vya Prozyr, vilivyoondolewa sokoni mwaka 2001 baada ya baadhi kuvunjika mwilini. Jina ni moja, mambo ni mawili. Zirkonia ile ilizuiliwa kwa viambato vya nyongeza katika mpangilio wa fuwele usio tulivu, na unyevu ungeweza kuuvuruga. Zirkonia inayoota kwenye aloi hii, kwa sehemu kubwa, tayari iko katika mpangilio ulio tulivu, hivyo haina pa kugeukia.

Pingamizi lenye uzito ni wembamba wa tabaka. Nyonga ikiteguka, kichwa hugonga ganda la metali la kikombe, na kwa kuwa aloi ya chini ni laini kuliko kobalti-kromu, kauri hukwanguka na makovu hubaki. Pingamizi hili nalikubali: tegemeo laini ndilo bei ya njia hii, na kichwa kilichoteguka mara kadhaa kinastahili kushukiwa. Kwa nyonga zisizoteguka, sajili ya taifa ya viungo bandia ya Australia inaonyesha vichwa hivi, vikikutana na plastiki ya kisasa ambayo molekuli zake zimeunganishwa kwa mnururisho, vikiwa na viwango vya chini sana vya upasuaji wa marudio. Sajili hiyo yenyewe huonya kwamba ni bidhaa ya kampuni moja, kwa hiyo sifa haiwezi kupewa kauri peke yake.

Kwenye goti hadithi hupwaya. Sajili hiyohiyo ililinganisha muundo mmoja wa goti, wa Oxinium na wa kobalti-kromu, kwa miaka 12, na marudio hayakupungua. Hilo halishangazi, kwani magoti mengi hurudiwa kwa maambukizi, kulegea au kuyumba, mambo ambayo utando hauyagusi. Kinachobaki cha kumshawishi mnunuzi wa goti ni mgonjwa anayehofiwa kuwa na mzio wa nikeli, maana aloi hii karibu haina nikeli kabisa; na hata hapo ushahidi ni mwembamba.