Kinacholilaza Zulia la Fulana

Ukitaka kujua kama zulia la duara limefumwa na fundi au na mtu aliyebahatisha, litandaze kwenye sakafu ya saruji kisha inama utazame ukingo wake. La fundi hulala. La kubahatisha ama hunyanyua kingo likataka kuwa bakuli, ama hupiga mawimbi pembeni, na hakuna pasi wala godoro la kulikandamiza litakalolinyoosha kwa zaidi ya siku mbili.

Zulia ninalolichambua hapa lilifumwa Mtoni, wilayani Temeke, Dar es Salaam, na mama mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifuma vitambaa vya makochi kabla ya kugeukia fulana kuukuu. Kipenyo chake ni kama mita moja. Lina rangi mbili, kijivu na nyekundu, zinazofukuzana kutoka kitovuni hadi ukingoni kwa mzunguko wa konokono, bila mstari wowote unaoonyesha mzunguko mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Nimeligeuza juu chini, nimehesabu mizunguko na mishono yake, na nimemsikiliza mwenyewe akieleza. Sehemu kubwa ya uzuri wake imetokana na hesabu, na hesabu hiyo inafundishika.

Kazi ilianzia sokoni. Mabalo ya mitumba yanapofunguliwa Karume, nguo huchambuliwa na kushuka daraja kwa daraja hadi kwenye meza na maturubai ya Tandika, Temeke Stereo, Mwananyamala na Tandale. Zinazobaki mwisho ni fulana zilizotoboka kwapani, zilizopauka, au zenye maandishi ambayo hakuna anayetaka kutembea nayo kifuani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikaanza kupitia upya nafuu za ushuru za mpango wa AGOA, nchi nyingine zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia uamuzi ikasimamishiwa nafuu hizo kwa nguo zake mwaka 2018. Mabalo yakaendelea kuingia Dar es Salaam, na tabaka lile la mwisho la fulana zisizonunulika likaendelea kuongezeka. Ongeza humo fulana za kampeni, za vikao vya harusi na za mbio za hisani zinazojazana makabatini kote Kinondoni na Temeke, na utaona kwamba anayetaka kufuma zulia hana sababu ya kulia kuhusu malighafi. Tatizo lake ni kuchagua.

Mama huyu huchagua kwa vidole. Huivuta fulana kwa upana. Ikinyooka na kurudi taratibu huichukua, ikirudi kwa kuruka huiacha. Anatafuta pamba. Jezi za mpira, ziwe za Simba au Yanga, ni polista: zinateleza kwenye sindano, hazinywi maji, na zikichanganywa na pamba kwenye zulia moja hulivuta upande. Mwenye shaka anaweza kuchoma uzi mmoja. Pamba huacha jivu na harufu ya karatasi iliyoungua, polista huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kuna jaribio jingine asilolisahau, nalo ni la rangi: huloanisha kona ya fulana nyekundu na kuisugua kwenye kitambaa cheupe. Ikichuja haiingii kwenye zulia hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu kufua mara moja tu kutaharibu kijivu chote.

Ukataji ndio mahali ambapo wengi hupoteza uzi. Kiwiliwili cha fulana, kuanzia chini ya kwapa hadi kwenye pindo, ni bomba la kitambaa, na bomba hilo linaweza kutoa utepe mmoja tu mrefu usiokatika. Fundi hukata pindo la chini na sehemu ya juu ya mabega, analaza bomba, kisha analikunja ili ukingo mmoja upungue kuufikia mwingine kwa vidole vitatu hivi. Anakata mistari ya sentimita tatu kuvuka ule mkunjo, akiacha vidole vitatu vile bila kukatwa. Halafu anafungua sehemu iliyobaki na kukata kimshazari, kutoka mwanya wa kwanza upande mmoja hadi mwanya wa pili upande mwingine, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Akimaliza anauvuta utepe kwa mikono miwili, sehemu baada ya sehemu, na kingo zake hujikunja ndani hadi utepe unakuwa kamba laini inayoficha makovu yote ya mkasi. Kitambaa cha fulana hujikunja hivyo kikikatwa kwa upana tu. Ukikikata kwa urefu wa mwili, hakijikunji na hakivutiki vizuri. Fulana zisizo na mshono wa ubavuni ndizo bora, maana kila mshono huacha kinundu.

Khanga na vitenge ni habari nyingine. Vimefumwa kwa nyuzi zinazokatana, havivutiki, na kingo zake huchakaa na kutoa nyuzi. Zulia la vitenge vitupu linaweza kupendeza sana, na mabaki ya mafundi cherehani wa Sinza na Kijitonyama yanatosha kulitengeneza, ingawa vipande vifupi humlazimu mfumaji kuunga kila baada ya muda mfupi. Kuchanganya kitenge na fulana ndani ya zulia moja ndiko ninakokupinga waziwazi. Fulana hunyooka chini ya miguu, kitenge hukataa, na baada ya miezi michache zulia linakuwa na mabonde. Mama wa Mtoni hakuchanganya. Hata pale alipounga fulana na fulana hakupiga fundo, alilaza ncha mbili kimshazari na kuzipitisha kwenye cherehani. Nilipita juu ya zulia lake peku na sikuhisi kiungo hata kimoja.

Sindano yake ya kroshia ni ya mti, nene kama kidole cha mwisho, imechongwa na kupigwa msasa hadi ikawa laini. Za ukubwa huo, milimita kumi hadi kumi na mbili, hazipatikani katika kila duka la nyuzi, lakini mtu anayejua kuchonga, na kwenye soko la vinyago la Mwenge wamejaa, hawezi kushindwa kuitengeneza.

Sasa nakuja kwenye kiini. Kila duara linapopanuliwa, mzingo wake huongezeka kwa kimo cha nyongeza hiyo mara 6.28, na haijalishi uko karibu na kitovu au umeshafika mbali. Mshono mfupi wa kroshia, ukifumwa kwa uzi mnene, una kimo kinachokaribia upana wake. Kwa hiyo kila mzunguko mpya unahitaji mishono sita zaidi ya ule uliotangulia. Unaanza na sita, kisha kumi na miwili, kisha kumi na minane, na kuendelea. Anayetumia mshono mrefu, ambao kimo chake ni kama mara mbili ya upana, lazima aongeze kumi na miwili kila mzunguko. Hilo ndilo linalowachanganya wengi: wanachukua hesabu ya mshono mmoja na kuitumia kwenye mshono mwingine, kisha wanalaumu fulana.

Ukiongeza pungufu, ukingo unakosa nafasi na kunyanyuka. Wasusi wa pwani wanalijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote, maana wanalitumia kwa makusudi. Ukili uliosukwa kwa ukindu hushonwa kwa kujizungusha kutoka kitovuni. Akitaka kitako cha kikapu msusi huulegeza ukili uende kwa raha, na akifika mahali pa kuinua ubavu huubana. Kawa la kufunikia chakula lina umbo la pia kwa sababu ukili wake ulibanwa tangu mwanzo. Mfuma zulia anafanya kazi ileile ya kitako cha kikapu, tofauti ni kwamba yeye haruhusiwi kabisa kufika kwenye ubavu.

Ukizidisha, ukingo unapata urefu mwingi kuliko nafasi, nao hupiga mawimbi. Daina Taimina, mwanahisabati aliyezaliwa Latvia na aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, mwaka 1997 alitumia kosa hilohilo kwa makusudi: alifuma kwa kroshia akiongeza mishono kwa uwiano usiobadilika, na akapata umbo lenye mikunjo la jiometria ambayo wanafunzi walikuwa wakihangaika kuiona kwenye karatasi. Mfumaji wa Mtoni hana haja na jiometria hiyo sebuleni, lakini kanuni inayolilaza zulia lake ndiyo hiyohiyo iliyoyanyanyua mawimbi ya Taimina.

Hesabu ya sita ina mtego mmoja. Ukiweka nyongeza juu ya nyongeza katika kila mzunguko, duara linageuka pembe sita. Katika zulia hili nilizifuatilia nyongeza kwa kidole na nikaona zimetawanywa: mzunguko mmoja unaanza na nyongeza, unaofuata unaanza nusu ya njia kati ya nyongeza mbili. Ndiyo maana ukingo wake ni mviringo kamili. Na kila baada ya mizunguko mitatu au minne fundi alikuwa akilishusha sakafuni kulikagua, kwa kuwa zulia lililoko mapajani hufuata umbo la mapaja na litaonekana limenyooka hata likiwa limekwishaharibika.

Rangi mbili zilifumwa hivi. Katika kitanzi cha kwanza aliweka mishono mitatu ya kijivu, akaiacha sindano itoke na kukirefusha kitanzi kisifumuke. Akaingiza nyekundu kwenye kitanzi kilekile cha kitovu, akafuma mitatu. Kuanzia hapo kijivu kinafumwa juu ya nyekundu hadi kifikie kitanzi cha nyekundu kinachosubiri, kinaachwa. Nyekundu inafumwa juu ya kijivu hadi ifikie kitanzi cha kijivu, inaachwa. Kila rangi inafunika nusu ya duara na kubeba nyongeza tatu. Kosa pekee linaloharibu kila kitu ni rangi moja kuipita nyingine. Zulia la kawaida la mizunguko iliyofungwa lingekuwa na kovu pale kila mzunguko unapofungiwa, na kovu hilo huonekana kama ufa kutoka kitovuni hadi nje. Mzunguko wa konokono haufungwi popote. Mwishoni fundi alishusha kimo cha mishono michache ya kila rangi hadi ikayeyuka ukingoni, na ili kuiona nililazimika kupapasa.

Upungufu mmoja nimeuona. Chini ya zulia hakuna kitu cha kuzuia kuteleza, na sebule nyingi sasa zina vigae. Vipande vinne vitano vya mpira wa ndani wa tairi, vikishonewa chini kwa uzi imara, vingetosha.

Sasa bei. Mshono mmoja hapa una kimo cha sentimita mbili, kwa hiyo zulia la mita moja lina mizunguko 25. Jumla ya mishono ni 1,950, na kila mmoja unakula utepe wa kama sentimita 12, yaani zaidi ya mita 230, sawa na fulana kubwa 14 hadi 18. Ukifika mzunguko wa 18 unajiona unakaribia kumaliza, kumbe umefuma nusu tu na ushei, kwa sababu mizunguko ya nje ndiyo inayokula. Mteja aliyeliona zulia hili alimuuliza mama, "Dada, nikitaka la mita mbili si unizidishie mara mbili tu?" Mama akataka kukubali. La mita mbili lina mizunguko 50 na mishono 7,650, takriban mara nne ya kazi na mara nne ya fulana. Anayeuza kwa kipenyo anajikata mshahara mwenyewe, na nimeona kwenye mabanda ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa mazulia makubwa yakiuzwa kwa bei inayonionyesha kwamba hesabu hiyo haikufanywa.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na baadhi ya vikundi hivyo vinafuma. Kwa viongozi wa vikundi hivyo, na kwa wakufunzi wanaowafundisha, ombi langu ni moja: kabla ya kumfundisha mtu maua na mapambo, mfundisheni nyongeza sita, mfundisheni kukagua kazi sakafuni, kisha mfundisheni kupanga bei kwa eneo la zulia na si kwa kipenyo chake.