Kimvita Katika Insha na Katika Shairi

Hutokea katika madarasa ya pwani jambo la kustaajabisha. Mtoto wa Mvita aandikapo katika insha yake kwamba aliyaona mambo kwa mato yake mwenyewe, mwalimu hulipitishia neno mato wino mwekundu, na pembeni huandika macho. Kipindi cha ushairi kikifika, neno lile lile likionekana katika ubeti wa malenga wa Mombasa, hupambwa kwa sifa. Wanafunzi huambiwa kuwa mshairi ametumia uhuru wake: amebadili herufi ili apate vina, na ufundi huo huitwa tabdila. Hivyo neno moja huhukumiwa mara mbili siku moja, kwanza kwa kosa na kisha kwa ufundi. Wala hapana hukumu ya haki katika hizo mbili.

Tabdila ni desturi ya kweli katika ushairi. Mshairi aliyebanwa na kina huweza kubadili sauti ya neno bila kuongeza wala kupunguza mizani. Lakini haiwezekani kusemwa kuwa mtu amebadili kitu ambacho hakikupata kuwa vingine kinywani mwake. Mtu wa Mvita asemapo nti, hakutoka katika nchi akaingia katika nti kwa kusukumwa na kina. Nti ndiyo aliyoikuta kwa mama yake, na ndiyo ingekuwa katika kauli yake hata kama angekuwa sokoni akinunua samaki. Mhakiki aiitaye tabdila ameipima lugha ya mshairi kwa kipimo cha lugha nyingine.

Lililo wazi zaidi ni kwamba tofauti hizi zina kanuni. Palipo na ch katika Kiunguja, mara nyingi Kimvita kina t: nchi ni nti, macho ni mato, kucheka ni kuteka, kuchinja ni kutinda. Palipo na nj, mara nyingi Kimvita kina nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Mtoto aandikaye hivyo hakuteleza, bali amefuata sheria asiyoweza kuieleza, kama vile mwogeleaji asivyoweza kueleza sheria za maji. Akikemewa bila kufahamishwa, huenda akafanya kosa la kweli. Huogopa kila t aliyo nayo, akaandika chatu alipokusudia tatu, na hesabu yake ikageuka nyoka.

Chanzo cha mambo haya chafahamika. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika Afrika ya Mashariki, ingawa Kimvita kilikuwa na watetezi wake, hasa miongoni mwa wamisheni wa Mombasa. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kiswahili, ambayo wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu, maofisa wa elimu pamoja na wamisheni. Kamati ilichunguza vitabu, ikasawazisha tahajia, na mwaka 1939 ikatoa kamusi zilizosimamiwa na Frederick Johnson. Haifai kuidharau kazi hiyo. Bila ya usanifu, kitabu kimoja kisingetumika Lamu na Kigoma, wala mtihani mmoja usingeweza kutahini watoto wa nchi nzima.

Lakini kuchagua lahaja moja kwa kazi fulani si kuzihukumu nyingine kuwa ni makosa. Kimvita hakikungoja kamati yoyote ili kiwe lugha ya fasihi. Muyaka bin Haji alikitungia mashairi yake kabla ya katikati ya karne ya 19. Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor wakayakusanya, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa katika diwani. Taylor alikuwa na sikio kali hata akatia alama kutenganisha sauti ambazo tahajia ya leo huziandika namna moja. Mtu wa Mvita hutamka paa la nyumba na paa wa mwituni kwa sauti mbili, na kaa la moto na kaa wa pwani kwa sauti mbili. Yule wa mwituni na yule wa pwani hutoka kwa pumzi. Tahajia sanifu haina alama ya pumzi hiyo. Mtoto wa Mvita hujua tofauti ambayo kitabu chake hakiioni, na hata hivyo yeye ndiye hudhaniwa kuwa hajui.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake ulioitwa Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani hadi mwaka 1972 yalitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Alipotoka gerezani alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, taasisi iliyozaliwa na kamati ile ile ya mwaka 1930. Basi haiwezi kusemwa kuwa mtu huyu aliandika Kimvita kwa kutokijua Kiswahili sanifu. Wala hakukiandika kwa ajili ya pambo. Mtu aliyetengwa na watu wake, asiye na wa kusema naye, hurejea katika lugha ambayo ndani yake hajioni mgeni. Msomaji afundishwaye kuziita sauti hizo tabdila hunyimwa jambo hilo hasa: huona hila ya vina pale ambapo pana nyumbani.

Tangu mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya, na uzito wa wino mwekundu umezidi. Dawa yake si kuliacha sanifu, kwani mtoto ana haki ya kuijua lugha itakayompeleka mbali. Dawa ni maneno machache ya mwalimu: "Hili ni neno la Kimvita, nalo ni sahihi huko, katika insha ya mtihani huandikwa hivi." Kwa kauli hiyo mtoto hupata lugha mbili badala ya kupoteza moja, na siku atakapofungua diwani ya Muyaka au ya Abdilatif hatahitaji kuambiwa kuwa mshairi amevunja sheria. Ataitambua sauti ya mama yake.