Tingatinga na Wanafunzi Wake

Msomaji, huenda umepata kuona katika duka la wageni picha ya chui mwenye macho makubwa na madoa ya duara, rangi zake zang'aa kama za baiskeli mpya. Usicheke nikitaja baiskeli, maana rangi yenyewe ndiyo ile ile. Aliyeanzisha uchoraji wa namna hiyo ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini ya Tanzania, ambaye alianza kuuza picha zake Dar es Salaam kiasi cha mwaka 1968.

Hakuwa na chumba cha kazi chenye dirisha refu na mlango wa kufungwa. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, upande wa Oysterbay. Wala hakutumia kitambaa, bali vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kiwandani, kama ule uzibao dari, na upande mmoja wapata sentimita 60 hivi. Kwanza hupakwa rangi ya chini, ikaachwa ikauke, kisha mnyama huchorwa juu yake. Rangi ya namna hii haikubali kuyeyushwa ndani ya nyingine. Kila moja hukaa mahali pake, imekatwa wazi. Ndiyo sababu mnyama wa Tingatinga hana kivuli.

Wako wasemao kuwa hayo ni matokeo ya kukosa shule. Mimi naona wamehukumu upesi. Mchoraji asiyeweza kuonyesha uzito kwa kivuli aliuonyesha kwa umbo: mnyama mmoja amejaa ubaoni, mgongo wakaribia ukingo, hata mtazamaji huona kuwa mahali pale hapamtoshi. Ukimtazama kwa muda, wewe ndiwe unayerudi nyuma.

Lakini nipendalo kukueleza zaidi ni jinsi alivyoutoa ujuzi wake. Aliwaita jamaa zake, miongoni mwao January Linda, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah Mtalia, nao wakajifunza kwa kukaa kando yake na kushika brashi. Hakuwaficha neno. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi mjini Dar es Salaam, kwa kudhaniwa mhalifu, akafa. Kazi yake yote ilikuwa ya miaka minne hivi. Lau angaliufungia ujuzi huo sandukuni, ungalizikwa pamoja naye. Badala yake wanafunzi waliendelea, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Nayakumbuka hayo kila niingiapo darasani katika chuo chetu cha ualimu. Mwaka jana mwanachuo mmoja alikuwa akichora huku mkono wa kushoto umeifunika karatasi, kama mtu alaye peke yake wakati wa njaa. Nilipomwuliza sababu, alijibu kuwa wenzake watamwiba. Sikuwa na jibu la haraka, maana hofu yake si ya bure.

Kwani ukarimu wa Tingatinga una upande wa pili. Mnunuzi ataka chui kama yule aliyemwona kwa jirani, na mchoraji ana watoto wa kulisha. Basi chui yule yule huchorwa mara mia, na kila mara macho yake hupungua uhai kidogo. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyechora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a, alilipinga sana jambo hilo. Yeye pia alitaka wachoraji wakutane. Ndiyo maana alikuwa mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Walakini aliwaonya wasiigane. Kwake, kushiriki ni kuleta kitu chako mbele ya wenzako, wakakitazama na kukuambia kweli, wala si kukichukua cha mwenzako ukakiita chako.

Nilikuwa nikikubaliana na Njau moja kwa moja, mpaka nilipokwenda Oysterbay kuwaona wachoraji wenyewe. Walikaa bega kwa bega, mikebe ya rangi miguuni, na chui wa safu nzima walifanana kama sahani. Nusura niondoke. Kisha nikaona ubao mmoja ambao chui wake alikuwa ameinua mguu mmoja wa mbele, vidole vimekunjwa, kana kwamba amekanyaga kitu cha moto. Nilimwuliza mchoraji, kijana mpole, ameitoa wapi habari hiyo. Akasema kuwa paka wa kwao hufanya hivyo juu ya mchanga wa mchana. Jirani yake alikuwa akisikiliza. Hakusema neno; aliifuta brashi yake kwa kitambaa, akauvuta ubao mtupu karibu, akaanza na mguu.